Bibi wa Taifa Ana Mafua

Ko. Ko, ko.

Nje kulikuwa bado kiza. Kata iligonga ubavu wa mtungi, na Bi. Mwatumu, akiwa bado amejifunika, akaitika, "Karibu."

Alijua hakuna mtu. Nyumba yake ilikuwa karibu mno na barabara, na kila lori la mchanga lilipopita sakafu ilitikisika kidogo, na ile kata ya kifuu iliyokuwa ikielea ndani ya mtungi ikabisha kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kuamsha nyumba nzima. Lakini Bi. Mwatumu alilelewa kuitikia hodi, na kwa umri wake hakuona sababu ya kuanza kuchagua ni hodi ya nani.

Nchi yenyewe jina lake lilikuwa bado mikononi mwa kamati, na kamati ilikuwa inasubiri viti. Kwa muda huo wananchi waliiita Hapa Kwetu, na serikali haikukataza, kwa kuwa haikuwa imesikia.

Katika bonde la Vifuu, alikozaliwa na kuzeekea Bi. Mwatumu, kulikuwa na desturi moja. Bibi hammalizii mjukuu hadithi. Humsimulia jioni baada ya jioni, na siku mjukuu anapofunga mzigo, bibi hukata pale penye utamu na kubaki na mkia. Mkia ukibaki kwa bibi ni kama sufuria iliyobaki kwa jirani: sharti mtu arudi. Mjukuu akirudi hupewa mkia wake, na jioni hiyohiyo huanziwa hadithi nyingine. Hivyo ndivyo watu wa bonde lile walivyokuwa wakitembeleana, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba jambo lile linahitaji mtambo.

Mjukuu wa Bi. Mwatumu alikuwa mmoja, Sikudhani, aliyekaa mji mkuu na baba yake, Chande. Chande alikuwa mwana mwema, ila alikuwa na shughuli. Hata siku za mapumziko alikuwa na shughuli ya kupumzika. Asingefika bondeni kama si ule mkia. Kila shule zilipokaribia kufungwa, Sikudhani alianza kulia kidogokidogo, akilia huku anaudai mkia wake, mpaka baba yake akachoka, akawasha gari.

Likizo iliyopita hadithi waliyoiacha ilikuwa ya binti aliyekwenda kuazima moto ng'ambo ya mlima. Nyumba zote zilimnyima. Akafika nyumba ya mwisho, akapiga hodi, na nyuma ya mlango mtu akakohoa. Hapo ndipo Bi. Mwatumu alipokata.

"Nani, bibi? Nani kakohoa?"

"Utamjua likizo."

"Bibi jamani! Nitakufa!"

"Hufi, mke mwenzangu. Nani kakwambia mtu hufa na mkia wake uko kwangu?"

Na Sikudhani aliingia garini akicheka na kununa kwa pamoja, kama watoto wanavyoweza.

*

Mwaka ule mjadala mkubwa ulizuka redioni. Wasomi walikuwa wamegundua kwamba hadithi za nchi zinakufa. Wakajadili asubuhi, wakajadili mchana, wakajadili jioni, na kwa kuwa mjadala ulihitaji nafasi, kipindi cha hadithi za watoto kiliondolewa ili kuupisha.

Mwisho wa mjadala akasimama Mheshimiwa Profesa Mhandisi Kirumbi, Waziri wa Utamaduni, Mitambo na Mengineyo, akatangaza mradi uitwao Bibi Mmoja, Taifa Moja. Wizara ingetafuta bibi anayefaa, imnase sauti na hadithi zake zote, kisha mtambo uwe bibi wa watoto wote.

Utafiti wa kina ulifanyika. Matokeo yalionyesha kwamba mbele ya nyumba ya Bi. Mwatumu magari yanaweza kugeuza.

Siku msafara ulipofika, kata ilibisha kama imepagawa. Bi. Mwatumu alisimama mlangoni akiitikia kila gari, "Karibu, karibu, karibu," hadi sauti ikamkauka, na vumbi la magari likamwingia puani. Hata hivyo aliona kwamba Waziri, alipokuwa anashuka, alimruka kifaranga badala ya kumkanyaga. Akajisemea moyoni, huyu kalelewa.

"Ndugu wananchi!" alisema Waziri. "Kwa muda mrefu taifa hili limetegemea mabibi wa kienyeji. Bibi wa kienyeji nampenda, mimi mwenyewe nililelewa na mmoja. Lakini ana mapungufu! Anasinzia! Anachanganya majina! Na baya kuliko yote, bibi wa kienyeji anapatikana mahali pamoja tu kwa wakati mmoja! Kwa mwendo huo, je, tutafika?"

"Hatutafikaaa!" wakaitikia wananchi, wale waliokuja na Waziri kwenye mabasi. Wenyeji walikuwa bado hawajaelewa wanakokwenda.

*

Waziri aliondoka na msafara, akaacha mtambo na kijana mmoja fundi, jina lake Jafeti. Alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. Mkewe alikuwa amejifungua mji mkuu, na yeye alikuwa hajamwona mtoto, kwa kuwa haikuruhusiwa kuondoka kabla kazi haijakamilika. Siku ya kwanza, bila kuombwa, aliikaza bawaba ya mlango iliyokuwa imelegea tangu enzi za marehemu mumewe Bi. Mwatumu. Siku ya pili alikwenda kuchota maji. Bi. Mwatumu alimwangalia akirudi na ndoo, maji yakimmwagikia viatu vya mjini, akampenda palepale.

Tatizo lilikuwa mafua. Lile vumbi la msafara lilikuwa limemkaa kichwani, na kila akisema maneno mawili alipenga kamasi.

"Mwanangu, tungesubiri nipone."

"Nimewauliza, bibi. Wamesema uzinduzi una tarehe, mafua hayana fungu."

Basi akasimulia hivyohivyo na mafua yake. Akasimulia vizuri, na kila alipofika penye utamu akakata, kama alivyofundishwa na bibi yake. Mtambo ukawasha taa nyekundu.

"Unasema hadithi pungufu," Jafeti alieleza.

"Si pungufu. Mkia ninao mimi."

Jafeti alipiga simu mjini, na Waziri mwenyewe akapokea, sauti yake ikajaa chumba kizima. "Taifa halipokei hadithi zisizo na mikia! Barabara tukizizindua, je, tunazindua nusu?" Jafeti akajikohoza kidogo, maana barabara ya nyumbani kwake ilikuwa imezinduliwa nusu, na nusu nyingine alikuwa akiivuka kwa miguu, viatu kichwani.

Baada ya simu ile walikaa kunywa chai. Jafeti alikuwa anaipuliza chai ya Bi. Mwatumu ipoe, kwa sababu jana yake alimwona akijiunguza. Akasema polepole, bila kumtazama, "Wananiambia mtoto ana kishimo hapa kidevuni, kama mimi."

Bi. Mwatumu alitoa mikia. Alitoa mmoja, akatoa wa pili, akaendelea hivyo siku nzima, kama mtu anayetoa vyombo nje wakati nyumba inavuja. Wa binti na moto aliuacha mwisho.

"Huu ni wa mjukuu wangu," alisema.

"Hautapotea, bibi. Humu hakipotei kitu."

"Hilo ndilo ninaloliogopa, mwanangu."

Lakini alikuwa ameshakiona kile kidevu, na hakuweza kukiacha bila mtoto wake. Akasema nani alikohoa nyuma ya mlango. Taa ikawa ya kijani. Jafeti akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akakimbilia lori.

*

Visanduku vya mtambo ule viligawiwa nchi nzima, kila nyumba kimoja. Kila alfajiri na kila jioni, kisanduku kilijiwasha chenyewe na Bibi wa Taifa akaanza kusimulia, huku amebanwa pua, akipenga katikati ya sentensi. Hakuweza kuulizwa swali wala kuambiwa subiri, maana mtambo haukuwa na masikio. Masikio yalikuwa awamu ya pili.

Watoto wakampenda. Haikupita muda wakaanza kuvuta makamasi kabla ya kusema jambo lolote muhimu. Walimu wakadhani ndiyo lafudhi sanifu, wakaiwekea alama kwenye mtihani wa kuzungumza. Msomaji wa taarifa ya habari akaanza kupenga kabla ya habari za vifo. Hapo wasomi wakarudi redioni kwa furaha. Upande mmoja ulisema kupenga ni athari za kigeni, upande mwingine ukasema hapana, ni mapigo ya kishairi. Waziri akafunga mjadala: "Mafua yale ni urithi. Mababu zetu walipenga hivyohivyo!"

Bi. Mwatumu naye aliletewa kisanduku chake. Alikisikiliza kwa heshima. Kwake kilisikika kama dada yake aliye mbali na asiyepata dawa.

Aliyekileta alikuwa mtendaji wa kijiji, Bwana Ngwilizi, aliyekuwa amecheza na Chande utotoni. Alivua kofia, akaizungusha mikononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona unakaa juani? Ingia."

"Mama, nimetumwa, na sikuomba kutumwa. Kuanzia sasa mabibi wasio rasmi wasisimulie hadithi zilizo kwenye kisanduku. Zinawachanganya watoto."

"Sawa. Na mimi?"

"Wewe, mama..." Kofia ikazunguka tena. "Wewe nawe ni asiye rasmi."

"Lakini hiyo si sauti yangu?"

"Wanasema unaiga."

Ili haki itendeke, Wizara ilikuwa imempa kifaa cha kupimia. Akakisogeza mdomoni kwa Bi. Mwatumu. "Sema chochote, mama."

"Niseme nini, mwanangu? Umekula?"

Kifaa kikafikiri, kikatoa jibu: Si yeye.

"Ni yale mafua," alisema Bi. Mwatumu. "Nilipona."

Bwana Ngwilizi alitazama nje, akatazama ndani, akanong'ona, "Bana pua, mama. Jaribu." Bi. Mwatumu akabana pua kwa vidole viwili, akasema tena, "Umekula?" Kifaa kikafikiri zaidi. Kikasema: Anafanana, lakini si yeye.

Mtendaji alikaa na kifaa mapajani kama mtu aliyeshika kuku aliyekufa. Kisha akajibu lile swali. "Sijala, mama." Akapakuliwa viazi, akala vyote, na kabla ya kuondoka akampasulia kuni za wiki nzima.

*

Likizo ikafika. Bi. Mwatumu alifua shuka ya Sikudhani, akaianika, akaianua. Malori yakapita, kata ikabisha, akaitikia karibu, hakuingia mtu. Simu ikalia.

"Shikamoo, mama. Hujambo?" Alikuwa Chande.

"Sijambo, baba. Mmefika wapi?"

"Hatujatoka, mama. Hii likizo nina shughuli kidogo. Na Siku mwenyewe safari hii hajalia. Alishasikia yote, mama, mpaka nani alikohoa! Alicheka huyo!" Chande naye alicheka, kwa upendo wa kweli. "Sasa mimi nakusikia kila siku, mama. Zamani nilikuwa nakuona mara chache. Sasa nikirudi kazini, uko sebuleni. Ni kama tunaishi pamoja."

"Mimi sikusikii, Chande."

"Ee, hilo ni awamu ya pili."

Bi. Mwatumu akaikunja shuka, akairudisha sandukuni.

Kesho yake alivaa kanga yake ya kutokea, akapanda gari la mchanga hadi mji mkuu, kwenye Wizara. Hakutaka kufuta mradi. Alitaka arudishiwe mkia mmoja tu, ule wa binti na moto. Mingine wabaki nayo.

Karani wa mapokezi alikuwa kijana mwenye moyo. Alimpa kiti chake mwenyewe, akamfungulia soda kwa meno. "Lakini mama," alisema, "huo mkia nchi nzima imeshausikia. Tutaisahaulishaje nchi?"

"Sijui, mwanangu. Nilidhani nyie mna mtambo."

Suala likapelekwa Kamati ya Mikia, ambayo iliundwa asubuhi hiyo kwa ajili hiyo. Bi. Mwatumu aliketi mwisho wa meza ndefu, soda mkononi, na Waziri akafika mwenyewe kumsikiliza. Alieleza desturi ya bonde. Alieleza kwamba mkia haukuwa sehemu ya hadithi. Ulikuwa njia ya kumrudisha mtoto. Alieleza bila kupandisha sauti, na wote wakamwelewa. Mjumbe mmoja mnene alitoa leso akajifuta macho, na Bi. Mwatumu akaona kwamba hakuwa anaigiza.

Waziri akainuka. "Ndugu wajumbe! Mama huyu ametufumbua macho. Mtambo wetu una kasoro kubwa. Hauna hamu! Mtoto anasikiliza, anatosheka, anaondoka. Je, nani anamwambia arudi? Hakuna! Naagiza: kila hadithi imalizike kwa Bibi wa Taifa kumwomba mjukuu arudi. Na ili mjukuu apate pa kurudi, ijengwe nyumba. Nyumba ileile ya mama huyu, mtungi uleule, mlango uleule. Hapa hapa mji mkuu, kando ya Bunge, penye maegesho!"

Makofi yakapigwa. Bi. Mwatumu naye alipiga, maana alikuwa mgeni na wenyeji walikuwa wanapiga. Akataka kusema kwamba sivyo alivyoomba, lakini yule mjumbe mnene alikuwa anamshukuru kwa machozi, na haikuwa adabu kumkatisha mtu anayelia. Alipomaliza kulia, ukumbi ulikuwa umefungwa.

*

Nyumba ilijengwa upesi, kwa kuwa ilikuwa ndogo na Waziri alikuwa na haraka. Jioni moja baada ya uzinduzi wake simu ililia, na safari hii alikuwa Sikudhani. Kabla ya kusema alivuta kamasi, kama watoto wote wa Hapa Kwetu.

"Bibi, jana nilikuja kwako."

Bi. Mwatumu akaibana simu sikioni. "Ulikuja? Mbona sikukuona, mke mwenzangu?"

"Kulikuwa na foleni. Nikabisha hodi, ukasema, njoo tena, mjukuu wangu. Nikabisha tena, ukasema, njoo tena. Halafu askari akasema zamu yangu imekwisha."

"Masikini. Hukupewa hata maji?"

"Mtungi una gundi. Nilitaka kuchota, kata haitoki. Imegandishwa ili watu wasiibe. Bibi?"

"Naam."

"Haigongi."

Bi. Mwatumu akakaa kwenye kigoda.

"Bibi, yako bado inagonga?"

"Bado. Alfajiri hii imegonga."

"Nisikilizishe."

Bi. Mwatumu akanyanyuka upesi kadiri magoti yalivyomruhusu, akaipeleka simu mdomoni mwa mtungi. Kata ilikuwa imetulia katikati ya maji. Barabara ilikuwa kimya. Madereva wa malori saa ile walikuwa wanakula. Angeweza kuigonga kwa kidole. Alifikiri hivyo, na kidole akakiinua. Lakini mtoto alikuwa ameshadanganywa na wengi mwezi huu, akakirudisha.

"Sisikii kitu, bibi."

"Subiri, mama. Linakuja lori."

"Bibi, wewe huna mafua?"

"Nilipona zamani."

Sikudhani akavuta kamasi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumkosea mkubwa adabu, "Kweli ni wewe?"

"Ni mimi, Siku. Ndiye mimi."

"Bibi, na huyo aliyekoho..."

Simu ikakatika. Salio la Chande lilikuwa limekwisha, au mtandao, au shughuli. Bi. Mwatumu alibaki ameishikilia simu juu ya maji. Baada ya kitambo lori likaja kutoka chini ya bonde, likapita mbele ya nyumba na mzigo wake.

Ko. Ko, ko.

"Karibu," alisema Bi. Mwatumu.

*

Jafeti alipita bondeni siku moja kukagua visanduku. Alikuja na mtoto wake mgongoni mwa mkewe, makusudi, waonane na bibi. Kile kidevu kilikuwa na kishimo kweli. Bi. Mwatumu alimpakata mtoto mchana wote bila kumsimulia lolote, kwa kuwa hairuhusiwi, akamwimbia midundo tu isiyo na maneno.

"Bibi, ningeweza kuufuta ule mkia," Jafeti alisema wakati wa kuaga, akiinamisha kichwa. "Lakini ulishatoka. Nifute nini?"

"Najua, mwanangu. Bawaba uliyoikaza haijalegea mpaka leo."

Alfajiri iliyofuata ilikuwa ya baridi. Kabla lori lolote halijapita, kisanduku kilijiwasha chenyewe kwenye rafu, kikaanza kusimulia habari za binti na moto kwa sauti nzito iliyobanwa pua, kikipenga na kuendelea. Bi. Mwatumu alikaa kitandani akisikiliza. Alisikiliza mlima, akasikiliza nyumba zilizonyima, akasikiliza hodi, na yule aliyekohoa akajulikana, kama alivyojulikana nchi nzima. Akawaza kwamba kiumbe huyu amekuwa na mafua mwaka mzima na hakuna aliyempa hata maji ya moto.

Alishuka kitandani, akachukua kanga yake ya pili, akakifunika kisanduku vizuri, pembe zote.

"Pole," alikiambia.

Kisanduku hakikumsikia. Kutoka chini ya kanga, kwa sauti ya Bi. Mwatumu mwenyewe, kikasema, "Njoo tena, mjukuu wangu. Bibi nakungoja. Njoo tena."